Nadhiri ya Kamla kwa Mama Khodiyar

Siku Prabha alipomshika mkono mbele za watu, Kamla alikuwa amevaa sari yake ya kijani, ile anayoitoa kabatini kwa harusi tu, na kiganjani alikuwa na konzi ya mchele.

Ilikuwa ukumbini, kule Great Barr, mtaa wa Birmingham, Uingereza. Nisha, mjukuu wa Prabha, alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza. Kwa Wagujarati mimba ya kwanza ikifika hapo ina sherehe yake. Mwenye mimba huketishwa kwenye kiti kilichopambwa maua, akatandaza upindo wa sari mapajani, na wanawake wa ukoo wakapita mmoja mmoja kumtilia mchele na nazi na kumtakia heri. Kamla alikuwa wa ukoo. Yeye na Prabha waliolewa na ndugu wawili, Prabha na mkubwa, Kamla na mdogo, na ndugu hao wote walikuwa wamekwisha kufa. Kwa hiyo zamu yake ilipofika aliinama, akanyoosha mkono.

Prabha akaudaka ule mkono hewani.

"Keti, Kamla," alisema, wala hakupunguza sauti. "Wewe hapana. Leo tunataka mikono ya wanawake waliozaa."

Mwanamke aliyekuwa akiimba alinyamaza katikati ya wimbo. Wengine wakatazama vidole vya miguu yao. Nisha akawa anazungusha bangili zake. Huyo Nisha, Kamla ndiye aliyemwogesha alipokuwa mchanga, ndiye aliyemsuka nywele na kumpeleka shule kwa mkono, akimpitisha Ladypool Road na mvua yake, wakati Prabha na mwanawe wako dukani. Kamla alimngoja aseme neno. Nisha hakusema.

Akarudi kwenye kiti chake cha nyuma. Baadaye akapanda basi kurudi Sparkbrook na ngumi imekunjwa vilevile. Alipoifungua jikoni kwake, punje zilikuwa zimejichora kwenye kiganja.

Kamla alizaliwa Kisumu, binti wa fundi cherehani. Kiswahili alikipata kwa majirani na kwa wasichana wa shule ya msingi ya misheni, na mpaka leo akikasirika peke yake hukasirika kwa Kiswahili. Aliletwa Birmingham akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, kuolewa na Harish, mtu mpole aliyekuwa akikata vyuma kiwandani. Naye akapata kazi ya kushona suruali. Waliishi nyumba moja na Prabha na mumewe, jiko moja, choo kimoja, na huko ndiko mambo yalikoanzia. Kila mwezi Prabha aliuliza mezani, wanaume wakisikia: "Vipi, Kamla, bado?" Wakienda hospitali, majibu Prabha aliyajua kabla ya Harish. Harish mwenyewe hakumlaumu mkewe hata siku moja. Kamla alimeza. Walipohama wakapata nyumba yao, bado alikuwa akimeza. Harish alipokufa, Prabha alisema msibani, mbele ya jeneza, "Maskini, hata mtoto wa kuwasha moto wa kumchomea hakupata." Kamla akameza na hilo.

Lakini la mchele halikumezeka.

Asubuhi ya pili yake alioga, akavaa nguo safi, akafungua kabati dogo lililo juu ya birika la umeme. Humo anaweka miungu yake. Aliye mbele ya wote ni Mama Khodiyar, katika picha ambayo mama yake alimfungia kwenye mizigo siku anaondoka Kisumu: mwanamke wa sari nyekundu, mkononi ana mkuki wa ncha tatu, chini yake mamba. Kamla akawasha ubani, akamwambia maneno haya, na hakuyapamba.

"Mama, wewe unajua kuchechemea. Mpe Prabha mguu kama wako. Achechemee mbele za watu, wamtazame kama walivyonitazama mimi. Ukinifanyia hilo, siku ya kuzaliwa kwako nitakupikia lapsi hekaluni, ile ngano tamu ya samli na sukari guru, sufuria nzima, nile na watu wako. Na mpaka siku hiyo sukari haitagusa ulimi wangu."

Akafunga kabati, akateleka chai, akainywa chungu.

Aliyeigundua kwanza ile chai ni Moraa. Moraa ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mkisii, anafanya kazi ya kutunza wazee, na siku asizokuwa na shifti huja kukaa jikoni kwa Kamla wazungumze Kiswahili mpaka koo zikauke. Humwita Kamla "Mama", na Birmingham nzima hakuna mwingine anayemwita hivyo.

"Mama, umenipa kikombe chako," Moraa alisema, uso umemkunjamana. "Hii ni chai ama ni dawa ya minyoo?"

"Lete hapa. Chako ni hicho kingine, nimetia sukari mpaka kijiko kimesimama."

"Daktari amekukataza?"

"Daktari gani! Nimefunga sukari kwa ajili ya Mama Khodiyar."

Moraa akageukia kabati lililokuwa wazi. "Ni huyu wa mamba? Kila siku nataka kukuuliza, nini ilimpeleka juu ya mamba?"

Basi Kamla akamsimulia kama alivyosimuliwa na mama yake. Zamani, huko Gujarati, palikuwa na dada saba na kaka yao mmoja. Siku moja yule kaka akaumwa na nyoka. Waganga wakasema hatapona ila kwa maji ya uzima, na maji hayo yako chini ya ardhi, kwa nyoka wenyewe, na yafike kabla jua halijachomoza. Dada mmoja, jina lake Janbai, hakungoja mashauri. Akazama. Akayapata, akayatia chunguni, akaanza kurudi mbio, na njiani akaumia mguu. Hakukaa chini kulia. Alimpanda mamba, akaja naye mpaka juu, akashuka akichechemea na chungu kimejaa. Kaka akapona. Watu walipomwona anavyokwenda wakamwita Khodi, yaani kiwete, na jina hilo ndilo analoabudiwa kwalo mpaka leo.

"Yaani mungu wenu ni kiwete?" Moraa aliuliza.

"Kiwete, na hakuna anayethubutu kumcheka."

"Na wewe umemwomba nini, mpaka ukaacha sukari?"

"Prabha avunjike mguu."

Moraa akatua kikombe. "Mama! Aki hayo si maombi, huo ni uchawi."

"Uchawi? Na nyinyi mkikutana kwako Jumamosi? Nawasikia ukuta huu wote unatetemeka: Adui zangu waanguke! Waanguke kwa moto! Mimi sijaomba moto. Nimeomba mguu mmoja tu."

Moraa alicheka mpaka chai ikampalia. "Sisi humwambia shetani hivyo."

"Haya. Wangu shetani namjua mpaka nyumba. Anakaa Acocks Green, karibu na stesheni."

Mtoto wa Nisha alizaliwa mwezi wa Novemba, msichana, mzima kabisa. Kamla hakuitwa kumwona. Alichopata ni maneno tu, yaliyopita kwa wanawake watatu au wanne kabla ya kumfikia, kwamba Prabha anamwambia kila anayekuja kutazama mtoto: "Niliuzuia ule mkono. Ona alivyotoka salama." Kamla alipoyasikia hayo alikuwa anakata vitunguu. Akaendelea kukata, na vilipokwisha akachukua vingine ambavyo hakuwa na haja navyo.

Haikupita wiki mbili barafu ikaanguka. Prabha alifungua mlango wake asubuhi kuchukua chupa za maziwa, ngazi ya mlangoni imeganda, mguu ukamtoka. Nyonga ikavunjika. Habari ililetwa kwa simu na mwanawe, na Kamla alisema "Jamani, maskini", akauliza wodi, akaaga kwa adabu zote. Kisha akaenda kwenye kabati. Na hebu tusidanganyane, alikwenda kwa furaha.

"Umesikia haraka, Mama," alisema.

Alikwenda hospitali na machungwa. Prabha alikuwa amelala chali, meno yake yako kwenye bilauri, nywele hazijatiwa mafuta. Kamla alikaa kando, akamenya chungwa, akamlisha kipande kimoja kimoja, na kila alipoweza alitupa jicho kwenye ule mguu chini ya shuka, kama mtu anayekagua kazi ya fundi aliyemwagiza mwenyewe.

"Wewe tu ndiye uliyekuja leo," Prabha alisema kwa midomo mitupu.

"Ningekosaje kuja, bhabhi?" Kamla alijibu. Bhabhi ndivyo mke wa kaka mkubwa anavyoitwa, na Kamla hakuwahi kumkosea heshima ya jina.

Usidhani kwamba usiku alisutwa na dhamiri. Alilala vizuri kuliko alivyolala tangu Harish afe.

Siku ya kuzaliwa kwa Mama Khodiyar huangukia mwanzoni mwa mwaka, baridi ikiwa kali. Moraa, aliyekuwa na gari na hakuwa na shifti, alikubali kumpeleka Kamla hekaluni na sufuria yake, kwa sharti kwamba yeye ataketi nyuma kabisa na hatainamia chochote. Kamla alifungiwa mkanda na gunia la ngano iliyosagwa kubwakubwa mapajani, samli na sukari guru miguuni. Njiani akaeleza utaratibu.

"Ukilipa nadhiri, lazima useme mbele ya watu Mama alikufanyia nini. Ndipo unapakua."

"Ngai! Utasimama useme ulitaka mtu avunjike?"

"Nitasema nilikuwa na shida ya nyumbani, Mama akaitatua. Wote husema hivyo. Kuna mwanamke mwaka jana alikuwa anataka mumewe afumaniwe, naye alisema shida ya nyumbani."

Hekalu lenyewe zamani lilikuwa ghala la matairi. Sasa lina zulia, taa za rangi, na mwisho wake yupo Mama wa marumaru, sari nyekundu, taji, na mamba wake ana macho ya kioo. Jiko liko ubavuni, na kuna dirisha kubwa la kupakulia ambalo mpishi analitazamia ukumbi wote. Kamla akasimama hapo, akakaanga ngano kwa samli mpaka ikatoa harufu ya njugu, akamimina maji ya moto yenye sukari guru, akashika mwiko kwa mikono miwili. Alikuwa anangoja kitu kimoja tu: Prabha aingie.

Prabha akaingia. Mwanawe alimshika upande huu, Nisha, mtoto mgongoni kwa kitambaa, upande ule, na Prabha katikati ameegemea fremu ya chuma, anaburuta mguu. Kamla akaacha kukoroga. Haya, alisema moyoni, mtazameni sasa.

Na kweli walimtazama. Mwanamke wa kwanza kumwona akanyanyuka, akaja mbio, akainama na kuugusa ule mguu mbovu, kisha akajigusa paji la uso. Wa pili akafuata. Mara likawa kundi. "Mama mwenyewe amekugusa, Prabhaben!" mmoja alipaza sauti, akimwita kwa lile "ben", dada, la heshima. "Amekupa mwendo wake! Katika siku yake!" Maharaj, yule kuhani wao, akashuka na shada la maua ya njano, akamvika, akaagiza kiti kiletwe kiwekwe mbele kabisa, ubavuni mwa Mama, mahali ambapo hata wafadhili wa hekalu hawaketi. Prabha alijiketisha pale taratibu, akaunyoosha mguu juu ya mto, na wanawake wakaanza kupita mmoja mmoja. Aliweka mkono juu ya vichwa vyao. Akawa anawabariki.

Kamla aliona yote kupitia dirisha la kupakulia. Aliomba kwa kiwete kwamba adui yake awe kiwete, na hakuwahi kufikiri hata dakika moja kwamba katika nyumba ya Khodiyar hiyo ni heshima. Angeomba kitu kingine chochote. Angeomba upele.

"Mama," Moraa alinong'ona kutoka mlangoni, kitambaa kichwani, "lapsi inaungua."

Kamla akazima moto.

Akatoka na mwiko mkononi. Maharaj alipomwona akampa kipaza sauti, akatangaza kwamba Kamlaben analipa nadhiri, na watu wakatulia. Kamla hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Maisha yake yote ya mikutano aliyamalizia viti vya nyuma. Akatazama kipaza sauti, akatazama Prabha na shada lake.

"Niliomba Prabha avunjike mguu," alisema.

Mtu mmoja alicheka, akidhani amesikia vibaya. Kisha hakuna aliyecheka.

"Hamjasikia vibaya. Kule Great Barr alinidaka mkono. Mchele nikarudi nao. Alisema anataka mikono ya waliozaa. Ninyi mlikuwepo, mkanyamaza. Nikamshitaki kwa Mama, na Mama amemhukumu. Sasa nyie mnaugusa ule mguu kama baraka. Ule si baraka. Ile ni hukumu yangu, nimeilipia."

Maharaj akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Kamla akampa kisogo.

"Mmeniambia kila mwaka habari ya mguu na mamba. Sasa mimi niwaambie ya kabla ya hapo, maana hiyo hamuipendi. Baba yake Mama alikuwa nani? Mamaniya. Na Mamaniya alikuwa hana mtoto. Alikuwa rafiki wa mfalme, anakaa naye, anacheka naye, mpaka wenye wivu wakamwambia mfalme kwamba uso wa mtu asiyezaa ni mkosi, ukiuona asubuhi siku imeharibika. Mfalme akamfungia mlango. Mamaniya akaenda kwa mungu Shiva, akaweka upanga shingoni, akasema, nipe mtoto au chukua kichwa. Ndipo alipopewa hao mabinti saba, na mmoja wao ni huyu mnayemvisha taji. Amezaliwa kwa sababu ya mtu aliyefukuzwa kama nilivyofukuzwa mimi. Mimi ni wa nyumba ya baba yake. Prabha ni wa nyumba ya yule mfalme. Mnamketisha mbele ya nani?"

Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzo mpaka mwisho. Akamrudishia Maharaj chombo chake, akaenda jikoni, akatoka na sufuria. Moraa, ambaye aliapa hatagusa kitu, alishika mpini wa pili.

Kwa Mama Khodiyar lapsi ya nadhiri huliwa palepale, haibebwi nyumbani, na anayeikataa amemkataa Mama machoni pake. Watu wakaketi safu kwa safu wakiwa na sahani. Kamla akaanza kupakua. Mwanamke wa safu ya kwanza alikuwa yuleyule aliyekatisha wimbo.

"Ulikuwepo Great Barr?" Kamla alimwuliza.

"Nilikuwepo, dada."

"Kula."

Wa pili yake akasema hakuwepo, alikuwa Leicester kwa bintiye. Kamla akampakulia kidogo, kwa upole. Wa tatu alikuwepo. Akapata upawa mzima uliojaa, akainamisha uso kwenye sahani. Akaenda hivyo safu nzima, akiuliza kwa jina, na waliokuwepo walikula wakiwa hawainui macho, kwa kuwa kila tonge lilikuwa shukrani ya kuvunjika kwa mtu aliyeketi mbele yao.

Akamfikia Nisha. Nisha alikuwa analia, mtoto amelala mgongoni hana habari.

"Kaki, inatosha," alisema, akimwita mama mdogo kama wanavyoitana nyumbani. "Tafadhali."

"Siku ile ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Basi leo pia usiseme. Kula, una mtoto wa kunyonyesha."

Nisha akala.

Kiti cha mbele kilikuwa cha mwisho. Shada lilikuwa bado shingoni mwa Prabha, lakini karibu yake hakuna aliyebaki. Wale waliougusa mguu walikuwa wakijifuta vidole kwenye sari bila kujua. Kamla akamwekea sahani mapajani, palepale ambapo mwenye mimba hutandaza upindo, akajaza.

"Umeniroga," Prabha alisema chini kwa chini.

"Sikukuroga. Nimekushitaki."

"Na machungwa? Ulikuwa unanilisha machungwa ukicheka?"

"Nilikuwa naangalia mguu. Kula, bhabhi. Inapoa."

Prabha akaitazama sanamu, akawatazama watu. Ukumbi mzima ulikuwa unamngoja. Akachukua tonge kwa vidole vitatu, akaweka mdomoni, akatafuna polepole na yale meno ya kubandika, akameza.  Kamla hakuondoka. Alisimama juu yake na upawa mkononi mpaka sahani ilipobaki nyeupe, na Prabha alipojaribu kuacha punje ukingoni Kamla alimwonyesha kwa kidole. Prabha akazila.

"Nikuongeze?"

"Mwakani," Prabha alisema, akiwa ameishika sahani tupu kwa mikono miwili na haiachii, "mwakani nitapika mimi."

Wanawake wa karibu walisikia wakaacha kutafuna. Kamla akaivuta sahani taratibu mpaka ikatoka.

"Pika, bhabhi," alisema. "Nitakuja. Niwekee kiti cha mbele."